Alasiri Basi la Lindi Lilipotupita Nangurukuru

Iko alasiri moja ya Nangurukuru ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Nimeamua kukusimulia leo, kwa sababu tangu mfunge chuo nakuona umelala barazani, simu juu ya kifua, unacheka peke yako, na mama yako kila akipita anatikisa kichwa. Mimi sitikisi kichwa. Nami nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nikaangalia mikanda ya video mpaka macho yakaniwasha. Kwa hiyo sogea hapa. Simu iweke pembeni kidogo, si kwa ubaya.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipolegeza biashara. Nyinyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa. Sisi tulikulia kwenye foleni za sukari na sabuni, halafu tukiwa vijana tukaona mitumba inashuka kwa marobota, redio kaseti, baiskeli mpya, vyombo vya plastiki vya kila rangi. Huku Tanzania Bara kituo cha televisheni hakikuwapo, lakini televisheni zenyewe zilikuwa zimeanza kuingia, pamoja na deki za kuchezea mikanda. Mjomba wangu Hamisi, aliyekuwa akiuza mitumba pale njia panda ya Nangurukuru, alirudi safari moja kutoka Dar es Salaam na televisheni iliyoviringishwa kwenye godoro, deki, na jenereta dogo lililokuwa likikohoa kama mtu mwenye pumu. Akajenga banda la makuti nyuma ya vibanda vya mama lishe, akaziba mianya kwa magunia ili mwanga usiingie, akapanga mabenchi. Kazi ya kuweka mikanda wakati wa likizo akanipa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msomi wa ukoo. Ndivyo usomi ulivyotumika wakati huo.

Chuoni nilikuwa nikikaa chumba kimoja na kijana wa Njinjo, jina lake Kizito. Njinjo unaijua, ni kwetu hapa hapa Kilwa, ila ni bara, kwa wakulima. Yeye Mmatumbi na Mkatoliki, mimi Mwislamu wa njia panda, na hatukuwahi kugombana isipokuwa kwa sababu ya pasi ya kunyooshea nguo. Mwisho wa wiki wanafunzi tulikuwa tukichanga, tunakodi mikanda, tunajazana kwenye ukumbi wa bweni mpaka wengine wanakalia madirisha. Wako waliocheza mpira, wako waliokwenda dansi, wako waliolala tu. Sisi starehe yetu ilikuwa video. Nataka uelewe kwamba haikuwa starehe ya watu wajinga. Waliofaulu vizuri walikuwamo, na waliofeli walikuwamo.

Kizito alikuwa na kipaji chake. Mkanda ukishaisha, waliokosa nafasi walimfuata kwenye varanda awasimulie. Alikuwa akisimama, akibadilisha sauti, akitembea kama askari, akilia kama bibi arusi, na wengi walikiri kwamba mkanda wenyewe haukuwa mtamu kama ulivyotoka mdomoni kwake. Mimi nilikuwa nimeshauona, lakini bado nilikuwa nikitoka kwenda kumsikiliza.

Tulipofunga chuo mwaka ule wa kwanza tulipanda basi pamoja. Barabara ilikuwa mbovu, na pantoni ya Rufiji ilikuweka kwa kadiri ilivyotaka yenyewe. Tulifika Nangurukuru vumbi tupu. Kutoka pale kwenda Njinjo hapakuwa na basi, watu walikuwa wakisubiri malori ya mbao. Nikamwambia Kizito alale kwetu, kesho atapata lori. Usiku hata haujaingia, alikuwa ameshaliona banda la mjomba.

Kesho yake lori lilikuja mapema, yeye akasema atapanda la pili. La pili likaja wakati mkanda umefika patamu. Siku iliyofuata mjomba alikuwa amepata mikanda mipya. Wiki ikakatika hivyo. Kisha wale watazamaji wetu, wapagazi, madereva, wauza samaki, walikuwa wakilalamika kwamba lugha za kwenye mikanda hawazielewi. Kizito akasimama kando ya televisheni akaanza kuwatafsiria. Kiingereza alikijua. Kichina hakukijua, wala Kihindi, lakini hilo halikumsumbua hata kidogo. Banda likawa linafurika. Mjomba akafurahi, akaagiza Kizito awe anapewa wali kwa samaki. Mke wa mjomba peke yake ndiye aliyeniuliza jikoni, "Hivi huyu mwenzio kwao hakuna watu?"

Kwao watu walikuwako. Dereva mmoja wa mbao alileta salamu. "Kizito, baba yako anasema usichelewe."

"Kasema kuna nini?"

"Kasema usichelewe, basi."

Kizito akacheka, akanigeukia. "Ufuta huo. Umekauka, unataka kupukutishwa. Nikifika tu nakabidhiwa turubai na fimbo." Akamwambia dereva, "Mwambie nakuja kesho." Hakuwa mtoto mkorofi, mwanangu. Alikuwa ametoka kwenye mitihani, amechoka, na alikuwa amepata mahali watu wanamshangilia. Wewe ungeondoka?

Sasa ndiyo nafika kwenye ile alasiri.

Mkanda wa siku hiyo ulikuwa wa Kichina, habari za mpishi mmoja aliyesingiziwa kumtilia mfalme sumu kwenye mchuzi, akawa anakimbizwa na askari mji mzima. Banda limejaa, joto la kukausha nguo. Mimi nimesimama mlangoni nikipokea watu. Akaja mwanamke kijana, kajifunga khanga juu ya gauni, vumbi limemtapakaa mpaka kwenye kope. Nyuma yake yuko mzee mrefu, kavaa koti kuukuu, kamshika begani. Nilidhani kachoka na safari.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Yule mwanamke hakuwa na haja ya maamkizi marefu. "Tumeambiwa Kizito yuko humu. Mimi dada yake, naitwa Magreti. Huyu ni baba."

Nikataka kuingia kumwita. Magreti naye alikuwa ameshainua gunia la mlangoni. Yule mzee, Mzee Anton, akamvuta nyuma.

"Hiyo sauti ni yake?" akauliza.

"Ndiyo yake, baba. Amesimama mbele ya watu, anapiga kelele."

Mzee akainamisha kichwa akasikiliza. Ndani Kizito alikuwa amemfanya yule mpishi wa Kichina aongee kama muuza samaki wa pale pale Nangurukuru, na jemadari wa mfalme akawa mnunuzi mbishi. "Pweza huyu wa lini? Wa leo, jemadari, bado anasalimia!" Halafu akachomekea maneno ya Kimatumbi, na wale waliotoka bara wakaangua kicheko mpaka benchi moja likalala. Nikamwona Mzee Anton anatabasamu.

"Tukae kidogo," akasema.

"Baba, basi la Lindi litatupita."

"Tukae kidogo, Magreti."

Niliwapa nafasi kwenye benchi la nyuma. Magreti alimkalisha baba yake kwa kumwelekeza mkono mpaka ukagusa ubao, na hapo ndipo nilipoanza kumtazama yule mzee vizuri. Watu wote walikuwa wamekodoa macho kwenye televisheni. Yeye uso wake ulikuwa umeelekea upande, kwenye makuti matupu, na sikio ndilo lililokuwa mbele. Mpishi alipoingia kwenye pipa kujificha, hakucheka mpaka Kizito aliposema, "Sasa kaingia kwenye pipa, na pipa lina achari!" Hapo ndipo alipocheka, nyuma kidogo ya wenzake, kwa sauti nzito, akajipiga goti.

Nikamsogelea Magreti. "Mzee haoni?"

"Mwanga anauona," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mtu hamuoni. Ilianza kabla ya masika. Hospitali ya wamisionari kule upande wa Lindi wamekuja madaktari wa macho, watakaa muda mfupi tu. Padri ndiye aliyetuambia. Tulikuwa tunamsubiri huyu afunge chuo, aende na baba, maana mimi nina mtoto wa kunyonya nimemwacha kwa shangazi. Tumesubiri mpaka nimechoka kusubiri."

"Kwani Kizito anajua?"

"Baba alikataza. Alisema atayaacha masomo."

Nilitaka kwenda kuzima deki. Nilipiga hatua, mzee akaniinulia kiganja kama aliyesikia viatu vyangu. "Bado sana?"

"Imebaki kama nusu, mzee."

"Basi mwache amalize. Na mimi nimalize."

Ukafika wakati mpishi amekamatwa, watu kimya, Kizito ameishusha sauti mpaka unaisikia jenereta nje. Katika ukimya ule ikapigwa honi ndefu kutoka barabarani. Ilikuwa ya basi la Lindi. Pale njia panda sote tuliijua honi ile. Lilikuwa likisimama muda wa abiria kununua korosho na mihogo, kisha linaondoka. Magreti akasimama. Baba yake alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, anamsubiri mpishi. Magreti akamgusa bega. Hakugeuka. Magreti akabaki amesimama vilevile, mikono imelegea, mpaka tukalisikia basi linabadilisha gia na kuondoka kwenda zake kusini.

Mkanda uliisha kwa mpishi kusamehewa. Watu wakatoka wakimpiga Kizito mgongoni. Yeye akaja nyuma akijifuta jasho, na kumwona baba yake ameketi pale kulimfanya asimame ghafla. Kisha akafurahi, akadhani labda wamekuja sokoni.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba." Mzee akanyoosha mkono kumpa, akaunyoosha pembeni, pasipokuwa na mtu.

Kizito aliutazama ule mkono. Akautazama tena. Akasogea mpaka mahali mkono ulipokuwa, akaushika.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu ukiwa chuo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia usichelewe."

Magreti akamwambia mambo ya madaktari, na ya padri, na ya basi. Aliyasema bila kupaza sauti, akikunja khanga yake. "Malori yamefika Njinjo yakarudi," akamwambia. "Kila likifika baba anatoka nje anauliza, nani kashuka? Namwambia, gunia la chumvi. Nani mwingine? Hakuna. Wewe uko hapa unawaelezea wapagazi Mchina kafanya nini."

Kizito akakaa chini kwenye mchanga wa banda.

"Usimwandame," mzee akasema. "Basi limenipita mimi. Nilikuwa nalisikia."

"Ulikuwa unalisikia, baba?"

"Nilikuwa nalisikia. Mimi nimekaa gizani tangu masika, Magreti. Wewe una kazi zako, unanipa chakula, unanipeleka chooni, Mungu akubariki. Lakini hakuna anayekaa akanieleza kitu. Leo nimeona mji wa watu, farasi, mpishi, pipa. Nikasema acha nifike mwisho."

Magreti alilia pale, na sidhani kama alimlilia mtu mmoja.

Jua lilikuwa bado lipo. Tuliwapeleka kwa mama lishe wakala, Kizito hakula. Alikuwa akimtazama baba yake anavyotafuta nyama kwenye sahani kwa vidole, kisha akaanza kumwambia taratibu, "Samaki yuko kulia kwako. Mchicha uko huku." Mjomba Hamisi alizunguka kwa madereva wote waliolala njia panda mpaka akapata lori la saruji linaloelekea kusini. Likaondoka asubuhi, mzee mbele na dereva, Kizito juu ya mifuko. Magreti akarudi Njinjo kwa mwanawe.

Walifika hospitali kesho yake. Madaktari walikuwa wamefunga masanduku yao, wameondoka siku hiyo hiyo. Kizito aliniambia baadaye kwamba walionyeshwa hata alama za matairi uani. Wakaandikishwa kwa safari nyingine, na safari nyingine ilikuwa mwaka uliofuata.

Likizo iliyobaki Kizito aliimalizia Njinjo. Nilikwenda kumtembelea, nikawakuta shambani, mzee ameketi kwenye kigogo na Kizito anapukutisha ufuta juu ya turubai huku akimweleza nani anapita barabarani, amevaa nini, amebeba nini, na kwamba mbuzi wa jirani yuko ndani ya mihogo. Habari nyingine alikuwa akizitunga, nilimjua. Mzee naye alimjua. Mwaka mzima uliofuata, Kizito akiwa chuo, Magreti ndiye aliyejifunza kazi hiyo, na alisema si nyepesi.

Madaktari walirudi. Jicho moja lilisafishwa likaona, si kama zamani, lakini lilitosha kumwezesha kwenda shamba peke yake na kumjua mjukuu wake sura. La pili walisema limeshapotea. Pengine lilikuwa limepotea hata mwaka ule wa kwanza. Hakuna aliyeweza kutuambia, na Mzee Anton hakuuliza. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kizito alimaliza chuo, akafundisha shule za upande wa Lindi mpaka alipostaafu. Video hakuiacha, wala sikutegemea aiache. Ila tuliporudi chuoni nilimwona mara kadhaa akinyanyuka katikati ya mkanda, watu wakimpigia kelele akae, anatoka kwenda kuandika barua nyumbani au kumtafuta mtu wa Kilwa aliyefika mjini amuulize habari. Mkanda haungemngojea, na yeye alikuwa amekubali usimngojee.

Mwanangu, mimi sikwambii uache kuangalia hizo video zako. Kijana aliyetoka kwenye mitihani anataka kucheka, na kucheka ni haki yake. Mzee wa watu, kipofu, alikaa kwenye benchi la banda akacheka, akaliacha basi lipite, na sijapata kumlaumu mpaka leo. Kwa hiyo usije ukajidanganya kwamba kitu hiki kinawakamata wavivu peke yao. Kinamkamata kila mtu, kwa sababu ni kitamu. Hiyo ndiyo sababu ya kukipangia mwisho kabla hujakianza, maana ukishaanza si wewe tena unayepanga.

Sisi mkanda ulikuwa ukiisha, tunatoka nje kwenye mwanga, tunatazamana. Zako haziishi. Moja ikimalizika nyingine imeshaanza, na umeziba masikio, kicheko chako hakuna anayejua cha nini. Basi nakuomba ufanye jambo moja dogo. Ukiona kitu cha kuchekesha, mwambie aliye karibu nawe. Mama yako mweleze, hata kama atasema ni upuuzi. Hujui ni nani ndani ya nyumba hii ambaye kwa muda mrefu hajaelezwa kitu na mtu.

Na wakikwambia kutoka nyumbani "usichelewe", usijifanye unajua sababu. Wazee hawapendi kusema wanaumwa, hasa wakijua uko kwenye masomo. Watakwambia ni ufuta, watakwambia ni salamu tu, au hawatakwambia kitu. Nenda kwanza. Fika, wasalimie, waangalie usoni, uone kama wanakutazama machoni au pembeni. Ukishajua kwamba wote wazima, rudi ulale barazani uangalie mpaka betri iishe, na mimi nitakutetea kwa mama yako.

Haya, nimemaliza, unaweza kuichukua simu yako. Mwenyezi Mungu akuongoze katika masomo yako, akupe elimu yenye manufaa na marafiki wenye kheri, akuongezee umri na afya, na kila utakaporudi nyumbani ukute wote uliowaacha. Amina.